Mama Akificha Ugonjwa Wake Kazini, Je, Amesema Uongo?



Ulizo ambalo nataka tuliangalie mwezi huu si la vitabu, ni la watu tunaokaa nao. Mama mmoja ana kazi yake: ni mwalimu, au nesi, au mpishi wa kantini huku Kasapa, au anauza unga katika soko la Kenya. Siku moja anagusa kivimbe katika ziwa. Anaenda hospitali, wanakata kinyama kidogo, wanakipeleka kupimwa, na jibu linarudi: kansere. Siku ile ile, hata machozi hayajakauka, anaanza kuhesabu. Bwana wa kazi akijua, atanifukuza. Wanunuzi wakijua, watapita kwenye meza ya jirani. Wenzangu wa likelemba wakijua, hawatanipa zamu yangu. Basi anafunga kinywa. Asubuhi anajipaka mafuta, anafunga kitambaa kichwani, anaenda kazini sawa vile hakuna kitu. Na usiku, katika sala, dhamiri inamshitaki: je, mimi ni mwongo mbele ya Mungu?

Wako wandugu wanaojibu mara moja: ndiyo, huo ni uongo, mtoto wa nuru hana siri. Mimi naona jibu hilo linakwenda mbio mno, na mara nyingi linatoka kwa mtu ambaye mshahara wake haujawahi kuwa katika hatari. Tuangalie kwanza ugonjwa wenyewe na namna unavyoshika kazi ya mtu, kisha tutarudi kwenye ulizo letu.

Shirika la Afya la Dunia linahesabu kwamba katika mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waliambiwa kuwa wana kansere ya ziwa, na watu 670,000 walikufa kwayo. Wanaume nao wanaipata, lakini ni wachache sana, karibu mmoja katika wagonjwa 100. Huko Ulaya wagonjwa kwa wastani wana umri mkubwa kuliko wa kwetu. Kwetu Afrika wengi wanapatwa wakiwa bado na miaka 40 au 50, yaani wakati ule ambapo mtoto mkubwa yuko Univasite na mdogo bado anabebwa mgongoni. Ndiyo sababu kwetu ugonjwa huu ni ugonjwa wa kazi pia. Hauambukizi, ninarudilia, hauambukizi, lakini unaingia katika sufuria ya nyumba nzima.

Na dawa zake ni kazi nyingine juu ya kazi. Wanganga wanapasua, wanaondoa uvimbe au ziwa lote, na mara nyingi wanaondoa pia tezi za kwapani. Tezi hizo zikiondolewa, mkono wa upande ule unaweza kuvimba, pengine miezi au miaka baadaye, na ukivimba haurudi kwa urahisi kuwa kama zamani. Sasa mfikirie mama wa Lubumbashi na mkono wake wa kuume. Ni mkono wa kutwanga sombe, wa kugeuza bukari, wa kuinua mfuko wa makala, wa kuandika ubaoni mbele ya watoto 60. Baada ya mupasuo kuna dawa ya kutiwa katika mshipa, ile wanayoita kemoterapi: mara nyingi mizunguko 6 au zaidi, kila mzunguko wiki 3. Nywele zinaanguka, chakula kinamchukiza, damu inapoteza nguvu ya kupigana na homa, vidole vinakufa ganzi. Iko na uchovu ambao si uchovu wa kawaida. Mtu analala usiku kucha na kuamka amechoka kama alikuwa analima. Wengine wanasema kichwa nacho kinakuwa na ukungu, wanasahau hesabu ya pesa waliyokuwa wanaifanya bila karatasi. Kisha kuna miali, siku 5 kwa wiki, wiki 3 hata 5 au 6. Kwa miaka mingi wagonjwa wetu wamevuka Kasumbalesa kuifuata Lusaka, kwenye Cancer Diseases Hospital iliyofunguliwa mwaka 2007, na wenye uwezo wamefika hata India. Na wengine wanapewa kidonge, tamoksifeni, cha kumezwa kila siku miaka 5 au 10.

Na mashine nayo inaweza kufa. Kule Uganda, mwaka 2016, mashine ya miali ya Mulago iliharibika, na nchi nzima ilikaa bila mashine hiyo mpaka mpya ilipowekwa mwisho wa 2017. Ni miezi mingapi ya kazi iliyopotea hapo kwa mama aliyekuwa anangoja zamu yake? Hakuna daftari inayoandika hesabu hiyo.

Sisi wa Katanga tunajua maana ya kazi kuliko wengi. Babu zetu waliletwa hapa kwa ajili ya kazi, na kampuni ilikuwa baba na mama: ilitoa nyumba, unga, shule na hospitali. Mwalimu Dibwe dia Mwembu, wa Univasite yetu ya hapa Kasapa, aliandika mwaka 2001 kitabu juu ya watoto wa Shaba walioachwa na baba yao, na baba huyo ni kampuni. Gécamines ilipoanguka katika miaka ya 1990, na hasa mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipotolewa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, nani aliyebaki analisha nyumba? Ni wamama. Walitoka na beseni, na unga, na mafuta ya mawese, na mikate ya kukaanga. Bwana aliyekuwa anajulikana kwa namba yake ya kazi akabaki amekaa kwenye kiti, na bibi akawa ndiye kazi ya nyumba. Kwa hiyo tunapouliza juu ya kansere ya mama, tunauliza pia juu ya bukari ya watu saba au nane.

Sasa sheria. Ni vizuri waaminifu waijue, kwa maana wengi wanafukuzwa kwa kutojua. Sheria ya Kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema kwamba ugonjwa hauvunji kontra, unaisimamisha tu. Wakati inaposimama, mfanyakazi anapaswa kupata theluthi mbili za mshahara wake, na bwana wa kazi anaendelea kuwa na mzigo wa matunzo ya hospitali. Lakini ugonjwa usiotokana na kazi ukimzuia mtu miezi 6 mfululizo, bwana wa kazi anaruhusiwa kukata kontra na kumlipa malipo ya notisi.

Hesabuni pamoja nami. Kemoterapi ya mizunguko 6 ni wiki 18. Kupona jeraha la mupasuo, wiki 4 au zaidi. Miali, tuseme wiki 5. Ni wiki 27, na bado sijahesabu siku za kungoja majibu na za kutafuta pesa ya safari. Miezi 6 ni wiki 26! Ni kama vile sheria ilitungwa na mtu aliyepima kila kitu vizuri, kisha akakata kitambaa kifupi kidogo kwenye mguu. Hapa namwambia ndugu yeyote mwenye kampuni au duka au shule anayesoma ukurasa huu: sheria inakuruhusu, haikulazimishi. Mambo mawili hayo tusiyachanganye. Wiki ya 27 utakapoitazama karatasi ya kukata kontra, hakuna askari anayesimama nyuma yako na kushika mkono wako ili utie sahihi. Ni wewe peke yako na Mungu wako.

Na hayo ni kwa wenye kontra. Mama wa soko hana theluthi mbili, hana mkaguzi wa kazi wa kumlilia. Kontra yake ni miguu yake. Akikosa siku, meza yake inachukuliwa, na mnunuzi anazoea kwa mwingine.

Turudi kwenye ulizo. Kudanganya na kunyamaza si neno moja. Amri ya Mungu juu ya ushuhuda wa uongo inamlinda jirani asiumizwe na kinywa changu. Haikuandikwa ili kila anayeniuliza apewe funguo za nyumba yangu. Bwana wa kazi ana haki ya kujua kwamba siku fulani sitakuja, na kwamba mkono wangu hauwezi kuinua kitu kizito, na munganga ataandika hayo katika karatasi yake. Jina la ugonjwa si mali ya bwana wa kazi. Munganga mwenyewe amefungwa na siri ya kazi yake, na sheria inamwadhibu akiitoa ovyo. Ikiwa munganga, aliyeuona ugonjwa kwa macho yake, hana ruhusa ya kuutangaza, tutamhukumuje mgonjwa kwa kutoutangaza?

Mtu atasema: lakini katika Injili, yule mama aliyetokwa na damu miaka 12 aliitwa mbele ya watu wote aseme. Ndiyo, na mimi naipenda sana habari hiyo, maana ni habari ya ulizo letu hili hili. Tazameni vizuri. Mama huyu alikuwa amekwisha kumaliza mali yake yote kwa wanganga. Kwa desturi ya watu wake alihesabiwa najisi. Angejulikana, wangemfukuza katika umati. Kwa hiyo alijificha. Alikuja kutoka nyuma, akagusa vazi kimya kimya. Je, Bwana alimgombeza kwa kujificha? Hakumgombeza. Alimwita binti. Na alimwita wakati gani? Baada ya kupona, wakati ambapo neno lile halikuweza tena kumnyang'anya kitu. Tena kwa kumtangaza alimrudishia nafasi yake kati ya watu. Sisi tunafanya kinyume. Tunataka mgonjwa asimame mbele ya kusanyiko angali mgonjwa, na Jumatatu habari imefika sokoni kabla ya yeye kufungua mfuko wake wa unga. Huo si ushuhuda, ni maneno ya kisimani.

Hata hivyo sitaki kumpa kila mtu ruhusa ya kuficha kila kitu. Kuna mpaka. Nesi ambaye vidole vyake vimekufa ganzi, na bado anatafuta mshipa wa mtoto mchanga kwa sindano, amekwisha kutoka katika kunyamaza na kuingia katika kumhatarisha jirani. Dereva ambaye usingizi wa dawa unamshika kwenye usukani ni vile vile. Hao wanapaswa kusema. Waseme nini? Waseme kile mwili usichoweza: vidole vyangu havisikii, nipeni kazi ya daftari kwa miezi mitatu. Hata hapo jina la ugonjwa linaweza kubaki mfukoni. Lakini mama anayeuza chakula hawadai wanunuzi wake neno lolote, maana sombe yake haina kansere. Na akiulizwa waziwazi na mtu mwenye kinywa kirefu? Ajibu kwamba aliumwa, na anajisikia afadhali kuliko jana. Ni kweli tupu. Ila asitunge hadithi ya uongo juu ya safari au kilio cha kijijini, kwa maana hadithi ikianza inadai kulishwa kila siku, na mgonjwa hana nguvu za kulisha midomo miwili.

Kuna namna nyingine ya kumuumiza, na hii inatoka kwa watu wema. Ni kumhurumia mpaka kumfukuza. Shule inamwambia: mama, pumzika, tumekwisha kupata mwalimu mwingine. Shemeji wanamwambia: kaa nyumbani, usijitese. Na hapa kanisani tunamtoa katika kwaya, tunampa mwingine ufunguo wa jiko la sikukuu, bila kumuuliza. Wengine wanakwenda mbali na kumtaja Paulo, yale aliyowaandikia Wathesalonike juu ya kula na kufanya kazi. Paulo aliwasema watu wasiotaka kazi. Hakuwasema wasioweza, na hakuwasema hata kidogo wale wanaotaka na tumewazuia. Wamama wengi wanataka kurudi. Tuwape kazi kwa kipimo cha mwili wao: masomo ya asubuhi tu, kiti cha kukaa, kijana wa kubeba mifuko. Mzigo unaoongezeka kwa wenzao ni wa kweli, na mwenzake anayefundisha madarasa mawili ana haki ya kuchoka na kulipwa. Tusimwite mwenye wivu kwa kuuliza nani atalipa. Ulizo lake lipelekwe kwa mkubwa wa shule. Lisitupwe juu ya kichwa cha mgonjwa.

Mwaka 2012 Beth Mugo, aliyekuwa waziri wa afya ya umma wa Kenya, alijitokeza na kusema mbele ya taifa kwamba ana kansere ya ziwa. Alitibiwa Marekani, akarudi kwenye kiti chake cha uwaziri, na mwaka 2013 akaingia katika baraza la maseneta. Lilikuwa neno la ujasiri na liliwafungua macho wamama wengi. Lakini tuseme kweli: kiti chake kilimngoja. Kama kila kiti kingengoja hivyo, wamama wachache sana wangeficha. Kwa sababu hiyo nasema, ulizo la dhambi tusilipeleke kwanza kwa yule anayeficha. Lianze kwa yule anayeogopwa.

Sasa neno gumu kwetu sisi watu wa maombi. Iko mama ambaye aliombewa, akasikia nguvu, na kesho yake akaacha kidonge kwa kuwa aliona aibu kumeza dawa mbele ya waliomwombea. Ndugu zangu, aibu hiyo tulimtengenezea sisi. Mwenye ukoma aliyetakaswa na Bwana alitumwa akajionyeshe kwa kuhani, ambaye ndiye aliyekuwa na kazi ya kupima ugonjwa huo siku zile. Luka alikuwa munganga, na hatusomi kwamba Paulo alimwambia aache kazi yake. Tuombe, tuweke mikono, tufunge, na Jumatatu tumpe nauli ya hospitali. Na anayesema kwamba ugonjwa wa mama fulani umetoka kwa mwenzake wa sokoni aliyemwonea wivu wa biashara, yeye anaua wawili: mgonjwa anayecheleweshwa, na jirani anayeitwa mlozi. Uchunguzi mmoja uliofuata wagonjwa wa nchi 5 za Afrika kuanzia mwaka 2014, ndani yake Zambia na Uganda, ulionyesha kwamba baada ya miaka mitatu karibu nusu yao tu walikuwa bado wazima. Kuchelewa kufika kwa munganga kuna sehemu kubwa katika hesabu hiyo.

Limebaki la likelemba, ambalo wamama wameniletea zaidi ya mara moja. Watu 10 wanachanga, mgonjwa alichukua zamu ya pili, kisha kemoterapi ikamshika na hawezi tena kutoa. Je, ni mwizi? Hapana, mwizi ni yule anayechukua akiwa na nia ya kutorudisha. Lakini ana deni, na wale waliobaki nao wana watoto. Mimi sikubali wanaosema deni lifutwe tu kwa jina la Yesu, maana anayefuta ni kanisa na anayelala njaa ni mama wa zamu ya tisa. Kundi moja la wamama lilipatana hivi: mzunguko ulirefushwa, mgonjwa akatoa nusu, na nusu nyingine ikatoka kwenye sanduku la wagonjwa, kidogo kidogo. Wakaandika katika daftari. Walipoulizwa na wengine sababu ya kurefusha, katibu wao alijibu kwamba ni mapatano ya kundi, akafunga daftari.

Katibu huyo amefanya vema. Mashemasi nao wamepatana kufanya vivyo hivyo: mtu akiuliza mama fulani amekwenda wapi wiki hii, mbona hayupo jikoni na mbona anafunga kitambaa hata nyumbani, jibu ni moja, kwamba ana ruhusa. Na mahali pake katika kwaya, safu ya pili upande wa kushoto, pasikaliwe na mtu.